UKOKA WA GHALA SI MAPAMBO

Ndugu wanachama,

Wengine wananung'unika: kwa nini tupande ukoka mbele ya ghala, wakati pale pangetoa viazi?

Sisi tunasema hivi. Ghala limekaa kwenye mteremko. Mvua ikinyesha udongo unakwenda, msingi unabaki wazi. Kulima pale ni kuongeza mmomonyoko. Ghala likianguka, mbolea itakayolowa ni ya nani? Ni yetu sote.

Kosa letu tunalikiri. Mwaka jana tulipanda Juni, sakitu ikaunguza yote. Ukoka ni nyasi ya joto. Hata Makambako, penye joto kuliko Njombe mjini, Juni siyo wakati wake. Safari hii tupande Desemba, mvua zimekolea: vipande vyenye vifundo, nafasi futi moja, udongo ukanyagwe ushikane. Tusifyeke mpaka uzibe, na tukifyeka tusifikie udongo. Mbuzi wafungwe! Majani yatakayofyekwa wapewe wenye ng'ombe kwa zamu, siyo kwa kujuana.

Mwenye kubisha aje mkutanoni, siyo kusemea kilabuni.

Jumamosi ya kwanza ya Desemba kila kaya ilete jembe.

Katibu wa Chama, Kijiji