Nakala Arobaini na Tano za Kitabu Kimoja

Shule moja ya sekondari hapa Lodwar, ambayo sitaitaja kwa kuwa kosa lake ni kosa la wengi, ilipofunga kwa likizo ya Agosti ilimkabidhi kila mwanafunzi waraka wa ukurasa mmoja ampelekee mzazi wake. Waraka ulikuwa na maagizo mawili. La kwanza lilimtaka mzazi anunue kitabu cha marudio, kilichotajwa kwa jina lake na la mchapishaji wake, ambacho ndani yake hamna ila maswali ya mitihani iliyopita na majibu yake. La pili lilionya kwamba mwanafunzi atakayerejea shuleni na kitabu cha hadithi kisichokuwamo katika silabasi atanyang'anywa. Mpwa wangu, barobaro wa miaka 16 aliye kidato cha tatu, aliketi mbele yangu jioni ile, akaniacha niusome mpaka mwisho, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mjomba, na hiki cha Bwana Msa je?" Alikuwa amefika katikati ya Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu nilichomwazima mimi mwenyewe, na kidole chake kilikuwa bado kimo ndani kuhifadhi ukurasa.

Sitaificha hukumu yangu. Waraka ule umekosea, na umekosea katika jambo lile lile ulilodai kulitengeneza, nalo ni kusoma. Magazeti ya ng'ambo huchapa kila mwaka orodha za vitabu vya kiangazi vya kuwashughulisha vijana majira ya joto yanapoingia. Sisi wa Turkana hatuna mwezi usio wa kiangazi, wala hatuna gazeti la kututungia orodha, lakini tunazo likizo tatu, ya Aprili, ya Agosti na ile ndefu ya mwisho wa mwaka, na ndani ya kila siku ya likizo zimo saa zile za adhuhuri hata alasiri ambazo jua huwakalisha watu na mbuzi pamoja chini ya mgunga, pasiwe na kazi inayofanyika mjini wala malishoni. Hazina ya msomaji chipukizi ni saa hizo. Mtu mzima mwenye busara atajiuliza ni kitabu gani kinachoweza kumshika kijana katika joto la namna hiyo hata asahau kiu yake, na waraka umejibu: maswali sabini ya sarufi.

Wenye waraka wana hoja zao, nami sharti nizitaje kwa insafu. Husema kwamba mtihani wa kidato cha nne ndio mlango wa riziki, na kwamba mtoto wa mfugaji hana wa kumshika mkono akiukosa mlango huo. Ni kweli. Husema vilevile kwamba fedha ni haba, na kwamba mzazi aliyeuza mbuzi ili alipe karo asiombwe kununua ngano za kujiliwaza. Hilo pia lina uzito, na nitalirudia. Tena wako wanaohofia adabu, wakidhani kwamba riwaya zitawafundisha wasichana na wavulana mambo ya faragha kabla ya wakati wao. Hao nitawakumbusha Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni Tanzania kwa hofu hiyo hiyo, na leo husomeshwa vyuoni kama mojawapo ya nguzo za riwaya ya Kiswahili. Zaidi ya haya sikusikia hoja.

Sasa nije kwenye hesabu, kwani mimi naona shauri lote linaamuliwa na hesabu moja ambayo walioandika waraka hawakuifanya. Darasa la mpwa wangu lina wanafunzi 45. Wazazi 45 wakitii, Lodwar itapata nakala 45 za kitabu kimoja. Na kwa kuwa kila mmoja anacho chake, hapana atakayemwazima mwenziwe, hapana atakayeuliza umefika wapi, hapana atakayekimbia kwa jirani usiku kutaka sehemu ya pili. Fedha zile zile, bila kuongeza hata shilingi, zingaliweza kununua vitabu 45 mbalimbali, kila mzazi kimoja, kwa maana bei ya kitabu cha marudio haipungui bei ya riwaya ya wastani. Na darasa lile, kwa majuma matatu ya Agosti na kwa likizo zote zitakazofuata, lingekuwa na maktaba inayotembea kwa miguu ya wenyewe kutoka Kanamkemer hadi ng'ambo ya mto Turkwel. Mzazi maskini asingelipa zaidi. Angelipa kiasi kile kile na mwanawe akapata vitabu 45 mahali pa kimoja. Hoja ya umaskini, kwa hiyo, ambayo ndiyo nzito kuliko zote walizonazo, ikipimwa sawasawa inawaelemea wao.

Lakini faida ya wingi haiishii katika fedha, na hapa naomba msomaji anivumilie nikawie. Kitabu hakimshiki kijana kwa kuwa ni kizuri tu. Humshika kwa kuwa amekichagua, na kuchagua hakuwezekani pasipo ziada; penye kitabu kimoja hapana uchaguzi, pana amri, na barobaro anaijua amri hata ikivishwa mavazi ya hidaya. Ni lazima viwepo vitabu atakavyovifungua, akaonja kurasa kumi, akaviweka chini bila kuulizwa kwa nini, ndipo kile cha nne au cha sita kimnase. Sisi tuliosoma utotoni tulisoma hivyo sote, ingawa tumekuwa walimu tukasahau. Na kijana hakiamini kitabu kwa sifa za mwalimu. Hukiamini kwa sababu mwenziwe wa dawati la nyuma alikuja na macho mekundu ya kukesha, akasema, usinieleze, ngoja nimalize.

Tena vijana hawafanani. Yuko apendaye mafumbo, ambaye Bwana Msa na kiko chake, akichunguza mauaji ya Unguja katika kitabu kilichoshinda tuzo ya kwanza ya mashindano ya hadithi ya 1957 na 1958, kikachapishwa mwaka 1960, atamfunga kwa kamba asiyoiona. Yuko apendaye bahari, hata kama bahari aijuayo ni Ziwa Turkana peke yake, naye Kisiwa chenye Hazina, kilichofasiriwa kwa Kiswahili tangu mwaka 1929, hakijapata kumchosha. Yuko atakaye miujiza, na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert inamngoja na wale ndugu wawili waliogeuzwa manyani. Yuko mwenye hasira ya haki, ambaye baba yake ni mpakuaji mizigo au mchoma makaa, naye apewe Kuli ya Adam Shafi awaone wachukuzi wa bandari ya Unguja wakigoma. Na yuko asiyetaka hadithi kabisa, nami simlaumu. Huyo apewe kitabu cha mifupa, asome kwamba katika kaunti hii yake mwenyewe, pale Nariokotome, mwaka 1984, Kamoya Kimeu aliona kipande cha fuvu kisichozidi kidole, na kutokana nacho kikafukuliwa kiunzi cha mvulana aliyekufa yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita, kabla hajamaliza kukua. Nionyesheni barobaro wa Turkana atakayekifunga kitabu hicho katikati. Lakini nani kati ya watano hawa ni mpwa wako, huwezi kujua mpaka vitabu vyote vitano viwe mezani.

Hili si wazo geni, wala si la kifahari. Halmashauri ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilikuwa ikisafirisha masanduku ya vitabu mchanganyiko kwenda vituo vya mbali, yakasomwa, yakarudi, yakaenda kwingine. Na huko Garissa, tangu mwaka 1996, Huduma ya Maktaba ya Taifa imewabebesha ngamia masanduku yaendayo kwa watoto wa wafugaji. Waliobuni mambo hayo waliifahamu hesabu yangu. Walijua kwamba sanduku lenye vitabu tofauti hulisha watu wengi, na sanduku lenye kitabu kimoja, hata likijaa, halimlishi mtu ila mara moja. Sisi tumerudi nyuma. Tangu sheria ya kodi ya mwaka 2013 kitabu hutozwa asilimia 16 kama bidhaa nyingine. Na tangu Januari 2018, serikali ilipoanza kuvinunua vitabu vya kiada moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni, wenye maduka ya vitabu wamepoteza mauzo yaliyokuwa yakiwaweka mjini, na muuza vitabu wa miji ya mbali kama wetu huagiza kutoka Kitale, safari ya takriban kilomita 300, kile tu ambacho ana yakini kitanunuliwa. Waraka wa shule ndio unaompa yakini hiyo. Akiandikiwa kitabu cha marudio, rafu yake nzima itakuwa ya marudio, na hata mzazi mwenye hamu na fedha mkononi hatapata kitu kingine cha kumnunulia mwanawe.

Nenda basi Kakuma, kilomita 120 mbele, uone jambo hili katika ukali wake. Kambi ile imekuwapo tangu mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yalifuata mwaka 2016. Watoto wake, kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na kwingineko, husoma kwa mtaala wa Kenya, na wengi wao hawaruhusiwi kutoka pasipo kibali. Huko Marekani kuna kitabu cha Linda Sue Park, A Long Walk to Water, kilichotoka mwaka 2010, kinachosimulia habari za Salva Dut, mvulana wa Sudan aliyetembea jangwani hata akafika kambi za Kenya, Kakuma ikiwamo. Maelfu ya vijana wa kule hukisoma shuleni, wakijifunza jinsi kijana wa Kakuma alivyoishi. Mwalimu rafiki yangu wa Kakuma hajakiona katika shule yake. Alichokiona ni makasha ya msaada, na ndani ya kasha moja nakala nyingi za kitabu kimoja cha kiada cha darasa ambalo shule yake haina.

Kijana huyo wa Kakuma ningependa asome Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, amfuate Kongowea Mswahili atokaye Tanga, akivuka mpaka na kutembea mji hata mji kumtafuta baba asiyemjua, mpaka Kitale, mji ule ule ambao mabasi ya kuja kwetu huondokea. Mtoto aliyepotezana na baba yake vitani hahitaji kuandikiwa maswali mwishoni mwa sura ili aelewe habari hiyo. Lakini mimi kupenda kwangu si hoja. Langu ni kukiweka sandukuni, yeye ndiye atakayekitwaa au kukiacha.

Nami hapa subira yangu kwa waraka ule inakoma. Kutoamrisha hadithi ni uzembe, na uzembe husameheka. Kuinyang'anya ni jambo jingine. Mtu mzima, tena mwalimu, amekaa akaandika kwamba katika nchi hii kavu, ambamo kitabu kufika mkononi mwa kijana kumepita vizuizi vya umbali, kodi, ufukara na giza la usiku, kizuizi cha mwisho kitakuwa yeye! Na kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya mtihani wa fasihi, ambao unamtaka mtahiniwa awe amesoma riwaya nzima, Nguu za Jadi, na tamthilia nzima, Bembea ya Maisha, na mkusanyiko mzima wa hadithi fupi. Mwanafunzi asiyewahi kumaliza kitabu kwa hiari yake hawezi kumaliza cha kuamriwa. Atanunua mwongozo, atakariri maudhui na sifa za wahusika ambao hajapata kukutana nao, naye mwalimu atashangaa mbona insha zake hazina uhai. Mmemnyima mazoezi ya miguu, kisha mnamlaumu kwa kushindwa mlima. Kabati la ofisi ya walimu lililojaa hadithi zilizonyakuliwa, zikiliwa na mchwa hali wenyewe waliozipenda wamezikalia kimya, ni aibu ambayo hakuna alama ya A itakayoifuta.

Mwezi Aprili, mimi na yule mwalimu wa Kakuma tuliwanunulia vijana wa kwake sanduku la bati, lile la wanafunzi wa bweni, tukatia ndani vitabu 31, vingine vipya, vingi vilivyotumika, hapana viwili vilivyofanana, na daftari moja la kuandika nani amechukua nini. Daftari lile limenijia juzi kwa basi. Siku Njema imetoka mara 9, na jina la mwisho lina alama ya kuuliza, kwa kuwa haijarudi. Kitabu ambacho mimi nilikitia shingo upande, kidogo, chakavu, cha kufundishia utengenezaji wa redio, kimetoka mara 14, mara 5 kwa msichana mmoja. Kitabu cha marudio, kwani tuliweka kimoja, kimetoka mara 2.

Nimelinakili daftari hilo kwa mkono, nami nitalipeleka kwenye mkutano wa wazazi shule itakapofunguliwa, pamoja na ombi kwamba agizo la pili lifutwe kabla ya likizo ya Desemba na la kwanza liandikwe upya: kila mzazi kitabu kimoja, na wazazi wawili wasinunue kinachofanana. Mpwa wangu amekwisha kujua nani aliua. Amemwazima jirani kitabu, na amekataa kata kata kumwambia.