Jasho la Wazee Halipimwi kwa Fulana

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Ndandalo, wilayani Kyela. Asubuhi moja nilimpokea mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, akitoka shambani na jembe begani na mzigo wa kuni kichwani. Siku chache kabla ya hapo alikuwa kliniki, ambako aliulizwa, "Bibi, unafanya mazoezi?" Akajibu kwa unyofu, "Hapana." Ikaandikwa kwamba hafanyi mazoezi, kisha akashauriwa aanze kukimbia polepole kila asubuhi.

Simlaumu mhudumu yule. Kosa lilikuwa katika swali, na swali hilo limezaliwa na fikra yetu sote. Katika akili ya mtumishi wa umma, mazoezi ni fulana, raba na kipaza sauti uwanjani. Mwaka 2016 Makamu wa Rais wa wakati huo, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, alizindua kampeni ya kufanya mazoezi Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Nia ilikuwa njema. Lakini tulipohesabu waliokuja uwanjani, tuliwasahau wanaotoka jasho mahali pasipo na mpiga picha.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mtu wa miaka 65 na kuendelea apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za shughuli ya nguvu ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za shughuli ya nguvu kubwa. Aidha, siku tatu au zaidi kwa wiki ajizoeze kuimarisha misuli na kusimama imara ili asianguke. Kazi ya shamba, kazi za nyumbani na safari ya miguu zote zimo katika hesabu hiyo. Hapo ndipo swali gumu linapoanza: "wastani" ni kiasi gani, na ni wastani kwa nani?

Wataalamu wana njia kadhaa za kujibu. Ya kwanza hulinganisha nguvu inayotumika na ile ya mtu aliyeketi kimya. Shughuli inayohitaji mara tatu hadi karibu mara sita ya nguvu hiyo huitwa ya wastani. Kwa kijana, shughuli ya mara nne ni jambo dogo. Kwa mzee ambaye uwezo wake wote umefikia mara tano, shughuli hiyohiyo inamla asilimia 80 ya nguvu zake. Jedwali linasema wastani, ilhali mwili wake unasema mzigo mzito.

Njia ya pili ni mapigo ya moyo. Kanuni maarufu hutoa umri katika 220, hivyo mtu wa miaka 70 hupata kilele cha mapigo 150 kwa dakika, na nguvu ya wastani huangukia takribani kati ya 96 na 114. Kanuni nyingine, iliyotolewa mwaka 2001, humpa mtu huyohuyo kilele cha 159. Tofauti hiyo yatosha kutuonya kwamba haya ni makadirio ya kundi, wala si kipimo cha mtu mmoja. Zaidi ya hayo, baadhi ya dawa za shinikizo la damu hupunguza kasi ya moyo. Mzee anayezitumia anaweza kuwa amechoka kabisa na mapigo yake yakaonekana ya mtu aliyepumzika.

Njia ya tatu ni kumwuliza mwenyewe. Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, alitunga ngazi ya namba 6 hadi 20 ambayo mtu huitumia kueleza uzito wa kazi kama anavyouhisi. Wahenga wetu walikwisha kuijua hekima hiyo waliposema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Njia nyepesi kuliko zote haihitaji hata namba: ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, hiyo ni nguvu ya wastani, ukishindwa kusema zaidi ya maneno machache bila kuvuta pumzi, umeingia katika nguvu kubwa.

Wapo watakaosema kwamba nawatukuza wazee wa jembe. La hasha. Kazi ya mpunga ina msimu, na jembe pekee halimfundishi mtu kusimama imara. Wapo pia wastaafu wa mjini wanaokaa kitini tangu asubuhi hadi jioni, na wapo wazee wanaofanya kazi kupita kiasi katika joto la kando ya Ziwa Nyasa kwa sababu wajukuu wanawategemea. Kipimo sahihi kinawahitajia wote hawa, kwa kuwa kinamwonesha anayehitaji kuongezewa na anayehitaji kupumzishwa. Kumwambia wa pili akimbie ni kumhatarisha.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inatambua haki ya mzee kupata huduma za afya. Haki hiyo haijakamilika iwapo huduma haimjui anayehudumiwa. Napendekeza swali la kliniki libadilike: "Bibi, jana ulifanya nini tangu ulipoamka? Wakati wa kazi hiyo uliweza kuzungumza? Uliweza kuimba?" Mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii anaweza kuyauliza hayo kwa Kiswahili au Kinyakyusa, bila saa ya gharama wala mashine.

Kesho yake nilimsindikiza mama shambani, nikamjaribu. Alizungumza njia nzima. Nilipomwomba aimbe, alicheka akasema pumzi haitoshi. Wastani kamili. Aliyekatika maneno njiani alikuwa mimi, mwanawe mwenye shahada ya uzamivu, ambaye katika fomu yoyote ningejaza kwamba nafanya mazoezi.