Tukiuliza Mara Moja, Tujibiwe Mara Moja

Vijana wenzangu wa Migori na Homa Bay, hebu tuongee kuhusu bando. Si bei yake leo, ni vile inaisha. Bando ya saa moja inaisha ukiuliza swali lile lile mara nne, kila mara kwa maneno tofauti.

Chukua kijana wa Awendo aliyepata kazi ya ulinzi na sasa anadaiwa cheti cha maadili mema. Anachohitaji ni kitu kimoja tu: tovuti ya eCitizen. Akianza kuandika, anapangiwa mapendekezo. Anabonyeza moja, anaangukia blogu yenye matangazo hadi chini. Anarudi, anauliza tena. Mwishowe anachoka, anaenda saiba kumlipa mtu amfungulie ukurasa ambao kuufungua ni bure.

Huo si ujinga wake. Mapendekezo hayo, ambayo Google ilianza kuyajaribu 2004 na kuyaweka kwenye ukurasa wake mkuu 2008, hutokana na maswali ambayo wengine wameshauliza, huku lugha na mahali ulipo vikizingatiwa. Sasa huku kwetu ni wangapi huuliza kwa Kiswahili? Kwa Dholuo je? Kikuria? Mtu wa Mbita akitaka kujua feri ya Luanda K'Otieno inaondoka saa ngapi, waliomtangulia kuuliza ni wachache mno kumsaidia.

Msimamo wangu ni huu: pendekezo zuri hukupunguzia maswali, halikuongezei. Mtu akianza kuandika jina la huduma ya serikali, tovuti rasmi ijitokeze hapo hapo kabla ya kitu kingine chochote. Na aliyeandika kwa Kiswahili afikishwe pale pale alipofikishwa wa Kiingereza. Shida yao ni moja.

Kuna atakayesema kampuni inakula kwa matangazo, ikupunguzie maswali ya nini? Ni kweli matangazo yanailipa. Lakini kijana akichoka kutafuta, anahamia TikTok kuuliza huko.

Kaunti nazo zina kazi. Ratiba na fomu ziandikwe kwa maneno kwenye tovuti. Tangazo likiwa picha tupu, mtambo unatatizika kulipata.

Tukisubiri hayo, tujipange. Ukitafuta kitu cha serikali, ongeza site:go.ke mwishoni, bila kuacha nafasi baada ya nukta mbili. Kwa mfano: huduma centre migori site:go.ke. Utaletewa kurasa za serikali pekee. Ukipata ile sahihi, ihifadhi kwenye kivinjari chako, kesho hutafuti tena.

Na wewe unayeuliza kwa Kiswahili, usiache. Tukiwa wengi, mdogo wako akimaliza Form Four atapata pendekezo linalomfaa bila kumaliza bando.