Programu ya bure isiyo na leseni ni mtego

TANGU mradi wa Arduino uanzishwe mjini Ivrea, Italia, mwaka wa 2005, wahandisi wengi wamekuwa wakigawana bila malipo programu viendeshi, yaani maagizo yanayoiwezesha mikrokontrola kusoma kihisi cha joto au kuzungusha mota.

Hata hivyo, baadhi yao huzitoa bila leseni. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 huilinda programu ya kompyuta sawa na kitabu. Kwa hivyo, kuipata bure si ruhusa ya kuitia katika kifaa cha kuuza. Kijana anayefanya hivyo anaweza kushtakiwa.

Mtunzi mkarimu hana budi kuambatanisha leseni. Sentensi chache tu zitamwepushia mwenzake kesi.