Matusi ya Jukwaani Huwanyang'anya Watu Kura



Kila msimu wa kampeni twawasikia wakulima waliolea familia zao kwa jasho la tumbaku wakisema: "Wote ni walewale, mimi siendi." Hatukubali kwamba huo ni uvivu. Mtu aliyekwenda mkutanoni kusikia habari za bei, pembejeo na madeni ya chama cha msingi, akarudi na habari za ndoa ya mgombea na kabila la mama yake, amefundishwa jambo moja tu: kwamba shida zake hazina uzito.

Tutazame mfano wa mkoa wetu huu wa Tabora. Katika uchaguzi mdogo wa Igunga, tarehe 2 Oktoba 2011, vyama vilirushiana maneno mazito, na vurugu zikatokea. Waliojiandikisha walizidi 171,000. Waliopiga kura hawakufika 54,000. Mshindi alimpita aliyemfuata kwa kura zipatazo 3,200, ilhali wasiopiga kura walizidi 117,000.

Wapo watakaotujibu kwamba sababu ni nyingi. Ni kweli. Mwaka uliotangulia, nchini kote walijitokeza watu wapatao 43 tu katika kila 100 waliojiandikisha. Na mwaka 2015, ingawa kampeni zilikuwa kali, walifika 67. Hata wataalamu wa Marekani hawakubaliani: Stephen Ansolabehere na Shanto Iyengar walieleza mwaka 1995 kwamba matangazo ya kushambuliana huwafukuza wapiga kura, lakini Richard Lau na wenzake, walipokusanya tafiti nyingi mwaka 2007, hawakuona ushahidi wa kutosha wa jambo hilo.

Kwa hiyo hatudai kwamba kila neno kali huwafukuza watu. Kumwambia mbunge, "Uliahidi kisima, kiko wapi?" ni neno kali, nalo ni haki ya raia. Humpa msikilizaji jambo la kupima na sababu ya kwenda kuamua. Kashfa haimpi la kupima. Humwambia tu kwamba siasa ni uchafu, naye ajiepushe nao.

Na ni nani hujiepusha kwanza? Si mfuasi sugu wa chama, maana huyo atakwenda kituoni hata kukiwa na mvua ya mawe. Ni yule asiye na upande, ambaye kura yake ilipaswa kutafutwa kwa hoja. Mtukanaji hapati hasara huyu akibaki nyumbani, mradi watu wake mwenyewe waende. Ndiyo maana twasema matusi ya jukwaani si utovu wa adabu tu, ni dhuluma.

Tukumbuke pia kwamba mwezi Januari 1958, mjini Tabora, wajumbe wa TANU walijadili sharti la kura tatu, lililomlazimu kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Lilikuwa sharti la kudhalilisha, na wengi walitaka kususia. Mwalimu Nyerere aliwashawishi kwa hoja, wakaamua kushiriki, na TANU ikashinda. Hawakuiacha kura kwa sababu ya kuchukizwa.

Basi twawaambia wagombea: Maadili ya Uchaguzi mnayoyatia saini yanakataza lugha ya matusi na kashfa. Yatimizeni. Twawaambia viongozi wa vyama: msiwakodi vijana wetu kwa fulana na posho ili wazomee.

Nasi wasikilizaji tujisahihishe, kwani mtukanaji huishi kwa vicheko vyetu. Anapoanza kashfa, tusimpigie makofi. Tumwulize kwa utulivu: bei ya tumbaku je? Zahanati je? Akikosa jibu, tumhukumu kwa kura. Anayebaki nyumbani kwa kuchukizwa na matusi hamwadhibu aliyetukana, amemwachia shamba.