Jino Moja Linatosha

Samahani kwa kimya cha wiki kadhaa. Leo sina habari za programu wala hifadhidata. Leo ni pikipiki, kwa hiyo kama ulikuja kutafuta mambo ya tarakilishi ruka tu, sitakasirika.

Nakaa Chepkoilel, karibu na lango la Chuo Kikuu cha Eldoret. Chuo kilipata hati yake mwaka 2013, lakini ukipanda matatu mjini ukataja jina hilo jipya utaonekana mgeni. Sisi bado tunasema Chepkoilel. Ninaendesha Bajaj Pulsar 200NS niliyoinunua kwa mtu, silinda moja, gia sita. Nilipoipata ilikuwa na sproketi ya meno 14 mbele na 39 nyuma.

Kila kijana mwenye pikipiki ya namna hii hufika siku anayotaka iondoke kwa kishindo zaidi. Wengi hukimbilia ekzosti. Unalipa pesa ndefu, unapata kelele, majirani wanakuchukia, na mwendo ni ule ule. Maoni yangu ni haya, na niko tayari kubishana na yeyote: kabla ya kununua kitu kingine chochote, punguza jino moja mbele. Moja tu. Nyuma usiguse.

Hesabu yake hata mtoto wa darasa la sita anaiweza. 39 gawanya kwa 14 ni 2.79, yaani sproketi ya mbele inazunguka mara 2.79 ili gurudumu lizunguke mara moja. Weka 13 mbele, inakuwa 3 kamili. Ongezeko ni asilimia 7.7, na msukumo unaofika kwenye gurudumu unaongezeka kwa kiasi hicho hicho katika kila gia. Halafu unalipa: kwa mizunguko ile ile ya injini, mwendo wako unashuka kwa asilimia 7. Injini yenyewe haijapata nguvu hata chembe. Anayekuambia sproketi inaongeza nguvu za injini anakuuzia upepo.

Mafundi wengi watakushauri uongeze meno matatu nyuma badala yake. Piga hesabu: 42 kwa 14 pia ni 3. Matokeo ni yale yale, ila sproketi kubwa ina bei zaidi na huenda cheni isifike. Ya mbele ukiipunguza, cheni inalegea kidogo tu, unavuta gurudumu nyuma, unakaza, umemaliza.

Sasa nije kwenye sababu inayofanya niseme jambo hili linatuhusu sisi wa huku juu kuliko watu wa Mombasa. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza takriban moja ya tano ya nguvu zake. Zamani nilikuwa nawaambia watu kwamba ndiyo maana pikipiki zetu hazifikii kasi iliyoandikwa kwenye karatasi. Nilikosea, na ninakiri. Hewa nyepesi hiyo hiyo inakupinga kidogo pia, karibu kwa kiwango kile kile, kwa hiyo kwenye tambarare kasi ya mwisho haibadiliki sana. Kinachotuumiza ni mlima. Hewa inapungua lakini uzito wako haupungui, wala mwinuko hauna huruma kwa sababu uko Uasin Gishu.

Ukitaka kuamini, shuka bonde la Kerio halafu urudi Iten kwa njia ya Tambach. Ni kupanda zaidi ya mita 1,000, kona juu ya kona. Nilipokuwa na meno 14, gia ya pili ilikuwa inapiga mayowe na ya tatu inakufa. Nilikuwa nabadilisha kama mtu anayepepeta mahindi. Kwa 13, ya tatu inavuta. Hapo ndipo nilipopata raha ya fedha zangu, wala si kwenye taa za barabarani mjini.

Mngefikiri niliishia hapo. Mimi huwaambia wenzangu kazini kila siku: badilisha kitu kimoja, pima, ndipo uguse kingine. Lakini nilikuwa nimeonja utamu. Nikaongeza na 42 nyuma, juu ya ile 13 ya mbele. 42 kwa 13 ni 3.23, ongezeko la asilimia 16. Ukiachia klachi vibaya gurudumu la mbele linatafuta mbingu. Nilifurahi siku nne.

Siku ya tano ilikuwa Novemba, msimu wa kuvuna mahindi. Nilikuwa natoka Ziwa, dada yangu mdogo nyuma. Mbele yetu trekta na trela la mahindi. Nikatazama, barabara wazi, nikaingia kuipita nikiwa gia ya tatu. Mkono wangu ulijua kwamba gia ya tatu inafika 95. Sasa ilikuwa inaishia 82, na mkono haukuwa na habari. Tukiwa ubavuni mwa trekta injini ikafika kikomo na kujikata, kama mtu aliyenishika shati, na matatu inatokea mbele. Nilitafuta klachi, nikatafuta gia ya nne, nikapita. Nilimwona dereva wa matatu mdomo wazi. Dada yangu alishuka kwenye kituo kilichofuata, akapanda gari, na hakunisemesha hadi Jumapili.

Mtu atasema kosa ni langu, si la sproketi. Ni kweli. Ila asilimia 7 mkono unaizoea kwa siku mbili; asilimia 16 ni pikipiki nyingine kabisa, na unaipanda ukiwa na kumbukumbu za ile ya kwanza.

Mambo mawili kwa wanaopenda undani. Pikipiki inayosoma mwendo kwenye gurudumu la mbele haidanganyiki, lakini inayosoma kwenye gia boksi itakuonyesha kasi kubwa kuliko uliyo nayo. La pili, cheni inajikunja zaidi kwenye sproketi ndogo na inachakaa mapema. Usishuke hadi 12. Kwa upande mwingine, 13 ni witiri. Cheni ina viungo vya ndani na vya nje kwa zamu, kwa hiyo kwenye sproketi ya meno 14 jino moja hukutana na aina moja ya kiungo maisha yake yote. Kwenye 13 zinabadilishana kila mzunguko, na uchakavu unagawanywa sawa. Gawanya kwa mbili, tazama baki. Nilichekelea peke yangu gereji, fundi akadhani nimevuta kitu.

Nimerudi 13 kwa 39. Ile ya meno 42 iko chini ya kitanda. Binamu yangu, naye ana Pulsar, ameniomba mara mbili nimpe, hata akasema atanilipa. Nimemnyima.