Muulizeni susu njaa gani, si mwaka gani

Mzee wa Machakos akiulizwa alizaliwa lini, huenda asianze na tarakimu. Ataanza na njaa: mama yake alikuwa mjamzito wakati fulani wa dhiki, au yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuchunga mbuzi. Karani mwenye haraka humkatiza. "Mwaka, mzee. Nipe mwaka."

Hapo ndipo hadithi inapokufa.

Njaa za Ukambani zina majina. Ile iliyoua watu wengi mwishoni mwa karne ya 19, reli ilipokuwa ikijengwa kutoka Mombasa, ni Ngomanisye. Ya 1961, wakati ukame ulipofuatwa na mafuriko na chakula kikaletwa kwa ndege, ni Yua ya Ndeke. Ya 1984 ni Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nikiwa nimeshika, na kilichoshikwa ni pesa. Mshahara wa Nairobi ulikuwepo, fedha za kahawa zilikuwepo, lakini dukani hapakuwa na unga. Serikali iliagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, na wengi waliokuwa watoto wakati huo wanaikumbuka rangi ya ugali ule kuliko jambo lingine lolote la mwaka ule.

Makarani wa sensa nchini Kenya wanalijua jambo hili. Wamekuwa wakitumia orodha za matukio ya kila eneo ili kukadiria umri wa wasiojua tarehe zao. Ni njia nzuri, ila mwaka ukishapatikana, masimulizi yaliyouleta hayaandikwi popote. Hilo linauma.

Wanasaikolojia wanasema watu wazima hukumbuka kwa wingi mambo yaliyowapata kati ya umri wa miaka 10 na 30 hivi. Kwa hiyo aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1984 ni hazina ambayo haijaguswa, naye hajazeeka. Pengine yuko sokoni leo akiuza maembe. Hakuna anayemuuliza.

Wapo watakaosema kumbukumbu hudanganya. Kweli, mtu anaweza kuchanganya ndege za 1961 na mahindi ya 1984. Lakini karatasi nazo zina upande wao. Mwaka 1938 wakoloni walipokamata ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu, kwa madai ya kupunguza mifugo, huku kiwanda cha nyama cha Liebig kikifunguliwa Athi River, maelfu walikwenda Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu na kukaa huko wiki kadhaa wakidai mifugo yao. Yeye alihamishiwa Lamu kwa lazima. Majalada ya mkuu wa wilaya yamo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi, na yanaonyesha serikali ilivyoliona jambo hilo. Mwanamke aliyebaki nyumbani na zizi tupu hayumo humo, na waliomsikia akisimulia wanazidi kupungua.

Shule za Machakos zinaweza kuanza muhula huu. Mwanafunzi amrekodi susu wake, yaani nyanya yake, kwa simu, kwa Kikamba, bila kumkatiza wala kumsahihisha, na masimulizi yahifadhiwe katika maktaba ya umma pamoja na jina la kijiji na la njaa. Wawili wakitofautiana, yawekwe yote mawili. Waanze na waliokuwa watu wazima wakati wa Yua ya Ndeke, maana wote sasa wamepita miaka 80.